Fundi umeme niliyerudi darasani, na milinganyo iliyonitoa jasho

Nilifunga umeme majumbani hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla sijarudi kusoma diploma ya uhandisi umeme. Cheti cha ufundi ninacho, na kazi hazikukosekana, leo Mbagala, kesho Kigamboni au Goba. Ila tenda za majengo makubwa zilikuwa zikienda kwa wenye diploma, na mimi naitwa baadaye kuvuta waya. Nikalipa ada ya muhula wa kwanza kwa awamu, nikaanza. Nilikuwa nimejiandaa kuteseka na Kiingereza cha darasani, lakini Kiingereza mtu unakizoea. Milinganyo ndiyo iliyonitoa jasho, hasa ile inayokuja miwili au mitatu pamoja, kila mmoja umebeba x na y na z zake, nawe unatakiwa upate thamani zinazoikubali yote kwa mpigo.

Naandika kwa mtu aliye pale nilipokuwa: mikono inajua kazi, hesabu uliziacha kidato cha nne, na sasa umekaa dawati moja na vijana waliomaliza shule juzi. Kama wewe ni wa kidato cha nne unayejiandaa na mtihani wa taifa, mengi yatakufaa pia. Mada yenyewe inaanza kidato cha kwanza kwenye aljebra, inarudi kidato cha nne kwenye matriksi, na ukifika chuo unaikuta inakusubiri.

Kwa watu wa umeme haikwepeki. Mwaka 1845 Mjerumani Gustav Kirchhoff, akiwa bado mwanafunzi, alitoa kanuni mbili ambazo mpaka leo ndizo tunazoshikia kila saketi. Ya kwanza inasema mkondo wote unaoingia kwenye kiungo cha waya ni sawa na mkondo wote unaotoka. Ya pili inasema ukizunguka kitanzi kizima cha saketi, volti zinazoongezwa na betri zinalingana na zile zinazopotea kwenye rezista. Kila kitanzi kinakupa mlinganyo mmoja. Saketi ya vitanzi viwili ni milinganyo miwili, ya vitatu ni mitatu. Kuchora saketi nilikuwa naweza. Kujua mkondo utaelekea wapi nilikuwa naweza pia, hata bila karatasi. Penye kutafuta namba yenyewe ndipo nilipokuwa nakaa na kalamu mkononi.

Gharama yake niiseme wazi. Ada ni sehemu tu. Jumamosi ndiyo siku ya fundi kupata hela mjini hapa, kwa sababu wenye nyumba wanakuwepo na wanataka kazi iishe wakiona. Jumamosi hizo nilikuwa Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, na simu za wateja naziacha ziite. Wengine hawakurudi. Mke wangu alibeba mzigo wa nyumba bila kunisema, lakini nilikuwa naona jinsi anavyohesabu hela ya matumizi mara mbili mbili. Ongeza hela ya mwalimu wa tuisheni, nauli, na makaunta ya kufanyia mazoezi, maana hesabu hizi zinakula kurasa. Halafu kuna aibu. Kunyoosha mkono kuuliza “hii hasi imetoka wapi?” mbele ya vijana wanaokuita mzee si jambo jepesi, na wapo wenzangu wa umri wangu walioacha masomo kwa sababu ya aibu hiyo tu, wala si kwa kushindwa.

Karatasi za jaribio la kwanza ziliporudi, zaidi ya nusu ya darasa tulikuwa chini. Madam, mwalimu wetu, hakutugombeza. Alichagua karatasi kadhaa, akaziba majina, akapitia hatua kwa hatua ubaoni. Karibu wote tulikuwa tumepanga milinganyo sawasawa kutoka kwenye saketi. Njia tuliyochagua nayo ilikuwa sawa. Tulipotelea katikati: mtu katoa namba hasi akasahau kwamba inageuka kuwa chanya, mwingine kazidisha upande wa kushoto akauacha wa kulia, mwingine kaandika mistari imepinda mpaka namba ya y imesomwa kama ya z. “Hapa hakuna asiyeelewa,” alisema. “Kuna wasiopanga.” Tangu siku ile niliacha kutafuta njia ya mkato, nikaanza kutafuta namna ya kuandika.

Njia ya kuondoa ndiyo ya kuizoea kwanza, na kama una muda wa kujifunza moja tu, iwe hiyo. Chukua mfano wa dukani. Mteja mmoja kanunua swichi 3 na soketi 2 kwa shilingi 15,500. Mwingine kanunua swichi 2 na soketi 5, zilezile, kwa 25,000. Bei ya kila kimoja? Swichi iwe x, soketi iwe y:

3x + 2y = 15,500
2x + 5y = 25,000

Unataka x ife. Zidisha mstari wa kwanza kwa 2 na wa pili kwa −3, kisha jumlisha:

6x + 4y = 31,000
−6x − 15y = −75,000
−11y = −44,000

Soketi ni 4,000. Rudisha kwenye mstari wa kwanza, swichi inakuwa 2,500. Angalia nilichofanya na ile −3. Vitabu vingi vinakwambia zidisha kwa 3 kisha toa mstari mmoja kwenye mwingine. Mimi nakushauri usitoe kamwe. Weka hasi wakati wa kuzidisha, halafu kazi inayobaki ni kujumlisha peke yake. Makosa ya ishara yanayozaliwa wakati wa kutoa ndiyo yaliyojaza zile karatasi za Madam, na dawa hii ndogo ilinipunguzia makosa kuliko tuisheni yote niliyolipia. Na ukizidisha, zidisha mstari mzima, upande wa kulia ukiwemo. Mimi huanza na huo wa kulia makusudi ili nisiusahau.

Njia ya mbadala inafaa pale ambapo herufi moja imesimama peke yake bila namba mbele yake. Ukipewa x − 3y = 4 pamoja na 2x + 5y = 19, unaona mara moja kwamba x = 4 + 3y. Iweke mahali pa x kwenye mlinganyo wa pili, na ndani ya mabano: 2(4 + 3y) + 5y = 19. Inakuwa 8 + 11y = 19, y ni 1, x ni 7. Mabano hayo usiyaruke hata ukiona ni rahisi, kwa sababu bila mabano ile 2 inazidisha 4 tu na 3y inapita bure. Lakini kama kila herufi ina namba mbele yake, achana na njia hii. Utaanza kubeba sehemu juu ya sehemu, na mtihani una saa zake.

Grafu siitumii kupata jibu. Penseli ikiwa butu kidogo tu, 2.4 inakuwa 2.5. Hata hivyo, chora chache nyumbani kwenye karatasi ya miraba, maana ndipo utakapoelewa kwa macho kitu ambacho namba hazikuonyeshi. Kila mlinganyo wa x na y wa aina hii ni mstari mnyoofu. Mistari miwili ikikatana, jibu ni pale inapokatana, na ni moja. Ikiwa sambamba, hakuna jibu: 2x + 3y = 7 na 4x + 6y = 15 ukijaribu kuziondoa utaishia kupata 0 = 1, na hapo hujakosea popote, milinganyo yenyewe haipatani. Ukibadilisha ile 15 ikawa 14, unapata 0 = 0. Huo ni mstari uleule umeandikwa mara mbili, na majibu hayana mwisho. Kwenye chumba cha mtihani, mtu asiyejua haya anafuta kurasa mbili nzima akidhani amepotea.

Sasa tuje kwenye saketi, maana ndiyo iliyonileta shule. Kuna matawi matatu yaliyounganishwa sambamba. Kushoto betri ya volti 12 na rezista ya omu 2. Katikati rezista ya omu 4 peke yake. Kulia betri ya volti 6 na rezista ya omu 2. Betri zote chanya iko juu. Mkondo wa kitanzi cha kushoto tuuite a, wa kulia b, yote tukiichukulia inazunguka kama mshale wa saa. Volti ya rezista ni omu mara mkondo; kila kitanzi kina omu 2 + 4 = 6, na ile 4 ya katikati inapitiwa na mikondo yote miwili, kila mmoja kinyume na mwenzake. Kwa hiyo kanuni ya pili ya Kirchhoff inatupa:

6a − 4b = 12
−4a + 6b = −6

Kabla ya kufanya lolote, gawanya kila mstari kwa 2. Namba ndogo zina makosa machache.

3a − 2b = 6
−2a + 3b = −3

Zidisha wa kwanza kwa 2, wa pili kwa 3, jumlisha: 5b = 3. Kwa hiyo b ni ampea 0.6, na a ni ampea 2.4. Kwenye tawi la katikati unapita mkondo wa a − b, yaani 1.8.

Fundi akiangalia hizo namba anaona kitu. Mkondo wa 0.6 unashuka kwenye tawi la kulia, unaingia kwenye chanya ya betri ya volti 6. Betri kubwa inaichaji ndogo. Aliyewahi kuunganisha betri zisizolingana kwenye mfumo wa sola anajua jambo hili kwa joto la betri, na hapa limetoka kwenye karatasi lenyewe. Siku nilipoliona nilikaa kimya pale maktaba kwa muda, nikiwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Na kama ungechora kitanzi cha kulia kinyume cha mshale wa saa, ungepata −0.6. Usiifute. Hasi hapo inakuambia tu kwamba mkondo unakwenda kinyume na ulivyodhani. Kijana mmoja niliyekuwa nasoma naye alikuwa akifuta kila jibu hasi na kuanza upya, mpaka siku moja akaniuliza, “Braza, kwani mkondo unaweza kuwa chini ya sifuri?” Tulikaa na testa na betri mbili, akaona mwenyewe mshale wa mita ukirudi nyuma.

Matriksi ni saketi ileile imevaa nguo nyingine. Namba nne za kushoto unazipanga kwenye mabano: 3 na −2 juu, −2 na 3 chini. Determinanti ni zao la namba za ulalo mmoja, kutoka kushoto juu hadi kulia chini, ukitoa zao la ulalo wa pili: 9 − 4 = 5. Kupata kinyume cha matriksi unabadilishana nafasi namba za ulalo wa kwanza, unageuza ishara za zile mbili nyingine, unagawanya kwa 5. Kisha zidisha na 6 na −3. Unapata (18 − 6)/5 na (12 − 9)/5, yaani 2.4 na 0.6. Determinanti ikiwa sifuri, kinyume hakipo, na sababu unaijua tayari kutoka kwenye grafu: mistari ni sambamba au ni mmoja. Swali likisema “tumia matriksi”, tumia matriksi hata kama njia ya kuondoa ni fupi zaidi, la sivyo jibu sahihi litakupa alama pungufu.

Kanuni ya Cramer, ambayo mwanahisabati huyo wa Geneva aliitoa mwaka 1750, ni tamu kwa herufi mbili na inavumilika kwa tatu. Zaidi ya hapo ikimbie. Ukiitumia kwa kupanua determinanti kama tunavyofundishwa, milinganyo 10 inadai kuzidisha kwa makumi ya mamilioni ya mara. Njia ya kuondoa inamaliza kazi hiyohiyo kwa kuzidisha na kugawanya mara 430.

Herufi tatu ndizo zilizoniumiza zaidi, na hapo mpangilio ndio kila kitu. Njia tunayoiita ya Gauss, kwa jina la Mjerumani aliyeishi kuanzia 1777 hadi 1855, ni ya zamani kuliko yeye mwenyewe. Wachina walikuwa wakiifanya karibu miaka 2,000 iliyopita kwa kupanga vijiti kwenye ubao, safu kwa safu, bila herufi yoyote. Nilipoisikia hiyo habari ya vijiti nikaanza kuacha herufi. Naandika namba tu, kila moja kwenye safu yake, na mstari wima kabla ya namba za kulia:

1   1   1  |  6
2   3  −1  |  5
3  −1   2  |  7

Lengo ni kupata sifuri kwenye pembe ya chini kushoto. Mstari wa kwanza mara −2, jumlisha kwenye wa pili: 0, 1, −3, −7. Mstari wa kwanza mara −3, jumlisha kwenye wa tatu: 0, −4, −1, −11. Sasa mstari mpya wa pili mara 4, jumlisha kwenye wa tatu: 0, 0, −13, −39. Mstari wa mwisho unasema z ni 3. Panda juu: y − 9 = −7, y ni 2. Panda tena: x ni 1.

Pembeni ya kila mstari mpya andika ulichofanya, kwa mfano “M2 − 2M1”, M ikiwa ni mstari. Inachukua sekunde chache. Ukikosea, unarudi moja kwa moja kwenye mstari wenye kosa badala ya kuanza upya, na msahihishaji anaona ulikuwa unaelekea wapi, kwa hiyo alama za hatua unazipata. Nilinunua kaunta ya miraba kwa ajili hii tu. Namba moja kwenye mraba mmoja, alama ya hasi kwenye mraba wake. Sifuri nayo iandike. Herufi ikikosekana kwenye mlinganyo, weka 0 mahali pake, usiache wazi. Na kama mstari wa juu unaanza na 0, au una namba mbaya, badilishana mistari nafasi. Si kwamba inaruhusiwa tu, ndivyo inavyotakiwa.

Kikokotozi cha kisayansi chenye sehemu ya milinganyo kinatatua herufi mbili au tatu kwa dakika moja. Kitumie kuhakiki. Kwenye mtihani jibu bila hatua lilikuwa linapata alama moja au hakuna, na vijana waliokitegemea walilipia hilo.

Kuna jambo ambalo kikokotozi hakikuonyi. Jaribu x + y = 2 pamoja na x + 1.01y = 2.01. Jibu ni 1 na 1. Badilisha ile 2.01 iwe 2.02, tofauti ndogo kuliko ambayo mita ya bei rahisi inaweza kukosea, na jibu linaruka: x ni 0, y ni 2. Mistari hiyo miwili inakaribia kuwa sambamba, kwa hiyo ukiisogeza kidogo, mahali inapokatana panahama mbali. Kwenye maabara tulipima saketi moja, kila kundi likaja na jibu lake, tukaanza kulaumiana. Ukiona milinganyo yako inafanana karibu kila namba, rudi kupima kitu tofauti kabisa, na usikadirie desimali mpaka mwisho wa hesabu.

Kuhakiki kuna namna mbili. Ya kwanza ni kurudisha majibu kwenye milinganyo yote, na iwe ile ya mwanzo kabisa kama ulivyopewa, kwa sababu ile uliyoigeuza inaweza kuwa imebeba kosa lako ndani yake. Ya pili ni ya fundi umeme: umeme unaotolewa lazima ulingane na unaotumika. Kwenye saketi yetu betri ya volti 12 inatoa 12 × 2.4, wati 28.8. Rezista zinakula 11.52, 12.96 na 0.72. Betri ndogo inayochajiwa inapokea 3.6. Jumlisha: 28.8. Hesabu ikifunga hivyo, funga karatasi uende swali linalofuata.

Muhula ule nilifaulu. Wa pili tulikutana na njia ya Gauss-Seidel, ambayo kompyuta zinaipenda kwa milinganyo mingi. Unaanza na makisio, hata sifuri, kisha unarekebisha kidogo kidogo. Kwenye saketi yetu, mstari wa kwanza unatoa a = (6 + 2b)/3 na wa pili b = (2a − 3)/3. Anza na b = 0: a ni 2, b ni 0.33, halafu a 2.22, b 0.48, halafu 2.32 na 0.55, na inaendelea kusogelea 2.4 na 0.6. Ila ukitafuta a kwenye mstari wa pili na b kwenye wa kwanza, namba zinakwenda 1.5, −0.75, 0.375, −2.44, zinazidi kukimbia. Kwa hiyo kabla ya kuanza, panga mistari ili namba kubwa ya kila mstari, bila kujali ishara yake, ikae kwenye ulalo unaoshuka kutoka kushoto juu, na iwe kubwa kuliko jumla ya namba nyingine za kushoto za mstari huo, nazo bila kujali ishara. Milinganyo ya vitanzi vya rezista mara nyingi inakuja tayari imekaa hivyo, ilimradi mlinganyo wa kila kitanzi uuandike kwa mpangilio wa herufi zake.